Wanapona malaria Nchelenge, wanapotea darasani

Na Mwandishi Wetu

Ikifika Januari, ufuo wa Kashikishi hupoa. Mitumbwi huvutwa juu ya mchanga na kulazwa kifudifudi, nyavu hukunjwa, na mahali pa kuanikia chisense, dagaa wa Ziwa Mweru, hubaki patupu. Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Na ni katika wiki hizo hizo, mfuko wa mvuvi ukiwa umekauka, ndipo shule hufungua mwaka mpya.

Mama anayempeleka mwanawe darasa la kwanza hubeba kadi ya kliniki. Humo mna uzito wa mtoto mwezi kwa mwezi na chanjo alizopata, pengine na mwandiko wa haraka wa muuguzi: alilazwa, malaria kali, degedege. Mezani kwa mwalimu kadi hiyo ina kazi moja kubwa, nayo ni kuthibitisha tarehe ya kuzaliwa. Ikishanakiliwa, hurudi kwenye mfuko wa plastiki na mtoto huoneshwa pa kukaa.

Muhula haufiki katikati kabla mwalimu hajagundua kwamba mmoja wa watoto ana jambo. Anaitwa, hageuki. Anaulizwa jina la kitu anachokijua, anabaki kutazama. Kuna siku anakodoa macho, kalamu inamdondoka, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenzake wanacheka. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni anamwona mzito wa kuelewa, au mkaidi.

Hakuna aliyemwambia mwalimu huyo kwamba mtoto, akiwa na miaka mitatu, alilala siku kadhaa bila fahamu.

Elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu huzungumzwa sana kwa lugha ya majengo: shule ngapi maalumu, mabweni mangapi, ngazi zipi zimewekewa njia ya kiti cha magurudumu. Kwa wilaya ya Nchelenge, swali linalotangulia majengo ni jingine. Nani anamjua mtoto huyu, na taarifa zake zimekomea wapi?

Malaria inapopanda kichwani

Nchelenge iko kaskazini mwa mkoa wa Luapula, ufuo wa mashariki wa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maji, matete na mabonde yanayowapa watu samaki na mihogo ndiyo hayo hayo yanayowalea mbu.

Watafiti wa malaria wamepiga kambi hapa kwa zaidi ya miaka kumi, wakishirikiana na Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na hospitali ya misheni ya St. Paul's iliyoko Kashikishi. Vipimo vyao vya vijijini vimeonesha mara kwa mara kwamba karibu nusu ya watu wanaopimwa wana vimelea mwilini. Vyandarua vimegawiwa, kuta zimepuliziwa dawa, na bado Nchelenge inabaki miongoni mwa sehemu zenye malaria nyingi kuliko zote nchini.

Mtoto wa huku huumwa malaria mara nyingi kabla ya kufika umri wa shule. Mara nyingi hupona bila alama yoyote. Lakini kuna ile inayopanda kichwani. Chembe nyekundu za damu zilizobeba vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya ubongo, damu haipiti sawasawa, ubongo huvimba. Mtoto huanza degedege, kisha hupoteza fahamu. Akiwahishwa hospitali akachomwa sindano ya atesuneti, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa watoto mwaka 2011 badala ya kwinini, ana nafasi nzuri ya kuamka.

Anaamka, familia inashukuru Mungu, safari ya kurudi kijijini au visiwani Kilwa na Isokwe inaanza. Kwa hospitali, kesi imefungwa.

Kwa ubongo haijafungwa. Mwaka 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na daktari Gretchen Birbeck, ambaye amefanya kazi Zambia na Malawi kwa miaka mingi, lilichapisha matokeo kutoka Blantyre. Walifuatilia watoto 132 waliopona malaria ya ubongo na wengine 264 ambao hawakuugua ugonjwa huo. Kati ya waliopona, 12 walipata kifafa. Kati ya wale 264, hakuna hata mmoja. Ulemavu mpya wa viungo, wa hisi au wa lugha ulionekana kwa watoto 28 kati ya 121 waliopona, wakati upande wa pili walikuwa 2 tu kati ya 253.

> Kati ya watoto 132 waliopona malaria ya ubongo Blantyre, 12 walipata kifafa. Kati ya 264 wasioiugua, hakuna.

Kampala ilikuwa imeona jambo la karibu na hilo miaka miwili kabla. Katika utafiti wa mwaka 2008, kiasi cha mtoto mmoja kati ya wanne waliougua malaria ya ubongo alikuwa bado na upungufu wa kufikiri, kukumbuka au kuzingatia miaka miwili baada ya kutoka hospitali. Kwa watoto wa mitaa ile ile ambao hawakuiugua, ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, watafiti walikuwa tayari wameona mwelekeo huo huo.

Nchelenge haina sababu ya kuwa tofauti na Blantyre, Kampala na Kilifi. Vimelea ni vile vile, umri wa watoto ni ule ule, na maambukizi ni makali zaidi. Isitoshe, kifafa kinaweza kujitokeza miezi mingi baada ya mtoto kuruhusiwa, wakati ambapo hakuna mtu nyumbani anayekihusisha tena na ile malaria. Hapo ndipo hutafutwa mchawi, au jini, au jirani mwenye kijicho. Darasani hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini watu bado wanaamini kwamba povu la mwenye kifafa huambukiza. Mtoto akianguka, wenzake hukimbia badala ya kumlaza ubavu.

Bonde lililojulikana kwa upofu

Kuna historia inayoeleza kwa nini huduma za mkoa huu zimekaa zilivyokaa.

Katika miaka ya 1960 Bonde la Luapula lilijulikana kwa madaktari kwa jambo moja la kusikitisha: wingi wa watu wasioona, wengi wao wakiwa wamepofuka utotoni. Mwaka 1967 madaktari waliandika juu yake katika jarida la tiba la Afrika ya Kati. Sababu zilishikana mikono. Surua iliwakuta watoto ambao miili yao haikuwa na vitamini A ya kutosha, kioo cha jicho kikachubuka na kulainika, kisha dawa za kienyeji za kutia machoni zikamalizia. Hayo yalitokea kwenye bonde lenye samaki tele, ambako chakula cha mtoto mdogo mara nyingi kilikuwa uji wa muhogo mtupu.

Upofu huo umepungua kwa kazi iliyofanywa kwa makusudi. Chanjo ya surua ilienea. Zambia ilifanya sukari ya nyumbani iwekewe vitamini A kwa lazima kuanzia mwaka 1998, na matone ya vitamini hiyo hutolewa kwa watoto wadogo kwenye wiki za afya ya mtoto. Ni ushindi ambao haukupigiwa ngoma, lakini ni ushindi.

Shule maalumu nazo zilizaliwa kutokana na ulemavu ulioonekana kwa macho. Katika Zambia mwanzo wake unarejeshwa Magwero, karibu na Chipata ya leo, ambako mmisionari Ella Botes wa Kanisa la Kiholanzi la Matengenezo alianza kuwafundisha wasioona mwaka 1905. Luapula nayo ilipata za kwake kupitia misheni: St. Mary's ya Kawambwa, inayojulikana kwa kuwapokea wanafunzi wasioona, na Mambilima ya wilaya ya Mwense, kando ya mto, iliyowachukua wenye ulemavu wa viungo. Serikali ilichukua dhamana ya elimu hii kikamilifu mwaka 1971, mwaka ule ule kilipoanzishwa Lusaka chuo cha walimu wa elimu maalumu ambacho leo kinaitwa ZAMISE.

Shule hizo zimeokoa maisha ya watu. Kuna watu wazima mkoani humu wanaosoma nukta nundu kwa vidole, wanaofundisha, wanaofanya kazi ofisini, kwa sababu misheni fulani iliwapa kitanda na mashine ya Perkins yenye vibonye sita vya nukta.

Ila mtoto wa leo wa Nchelenge hafanani sana na yule wa mwaka 1967. Haoneshi ulemavu wake akiwa amekaa. Ana macho mazuri, anatembea, anabeba maji. Anachoshindwa ni kukumbuka maelekezo mawili yaliyofuatana, au anasikia sikio moja, au anapata vifafa vidogo vinavyodhaniwa kuwa ni usingizi. Shule hujaza kila mwaka takwimu za wizara zinazotaka idadi ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu kwa aina zao. Mwalimu huhesabu magongo, huhesabu macho yaliyopofuka. Yule aliyepona malaria ya ubongo humpita.

Utafiti wa kitaifa wa ulemavu wa mwaka 2015 uliweka kiwango cha ulemavu kwa watoto wa miaka 2 hadi 17 kuwa asilimia 4.4. Ni wastani wa nchi nzima, Lusaka na Livingstone zikiwamo. Sioni namna ufuo wenye malaria ya kiasi hiki unavyoweza kuwa chini ya wastani huo.

Bweni la mbali au darasa la hapa

Sheria iko wazi. Zambia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria ya Elimu ya 2011 na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2012 zinakataza mtoto kunyimwa shule kwa sababu ya ulemavu na zinataka elimu iwe jumuishi. Kwa karatasi, mtoto wa Kashikishi anatakiwa asome Kashikishi.

Wapo wanaoshikilia hivyo bila kulegeza kamba, wakiwamo wanaharakati wengi wa haki za walemavu. Wanasema bweni linamng'oa mtoto kwao, linamfanya mgeni kwa ndugu zake, na linaifundisha jamii kwamba watu wa namna hiyo mahali pao ni kwingine. Wanasema pia, kwa haki, kwamba shule mbili tatu za mkoa haziwezi kuwachukua wote. Anayekosa nafasi Kawambwa hukaa nyumbani akichunga wadogo zake na chisense inayokauka.

Upande wa pili una wazazi, na hawa hawapaswi kudharauliwa. Mzazi anayevua huhamia dagoni kwa wiki au miezi, akifuata samaki. Mtoto asiyeona hawezi kuhamishwahamishwa juu ya mtumbwi, na bibi anayebaki naye ana nguvu kidogo. Kwa mzazi huyo bweni lina chakula, lina mlinzi, lina mwalimu anayejua anachokifanya. Akiambiwa mtoto asome shule ya jirani, anauliza: mwalimu gani hapo anajua nukta nundu?

Wapo pia walimu wenyewe. Mpango unaotumika sehemu nyingi za Zambia ni darasa maalumu ndani ya shule ya kawaida, chini ya mwalimu aliyesomea fani hiyo. Kwa wazo ni mpango mzuri. Kwa vitendo, tangu elimu ya umma ilipofanywa bure kuanzia awali hadi sekondari mwaka 2022, madarasa yamefurika, na mwalimu yeyote mwenye mikono miwili anahitajika mbele ya ubao. Mwalimu wa elimu maalumu anapopewa darasa la watoto wengi la kawaida, wanafunzi wake wale wachache hubaki kuchora, au hutumwa kufagia.

Maoni yangu ni kwamba ugomvi wa bweni na jumuishi umeendeshwa vibaya, kwa sababu umewaweka watoto wote kapu moja. Mtoto mwenye mguu uliopooza anahitaji njia isiyo na ngazi na choo anachoweza kukiingia. Huyo hana haja ya kupelekwa Mambilima ili ajifunze hesabu. Mtoto mwenye kifafa anahitaji vidonge kila siku na mwalimu asiyeogopa. Fenobabitoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, inawatuliza wengi. Huyo naye mahali pake ni darasa la kwao. Asiyeona anaweza kusoma karibu na kwao iwapo mwalimu wa kuzunguka atamfikia na vitabu vyake vikawapo, la sivyo Kawambwa ni bora kuliko kukaa gizani kwa maana zote mbili.

Kiziwi mmoja kati ya watoto themanini

Kwa mtoto kiziwi, nasimama kando na wale wanaosema jumuishi kwa kila mtu na kila mahali.

Fikiria mtoto kiziwi peke yake katika darasa la watoto themanini. Anaona midomo inacheza. Hakuna mwenzake anayejua lugha ya alama ya Zambia, wala mwalimu. Nyumbani wana ishara zao chache za chakula, maji, njoo, acha. Mtoto huyu hana lugha kamili hata moja, na miaka ambayo ubongo hupokea lugha kwa urahisi inampita akiwa ameketi kwenye dawati. Amejumuishwa kwenye daftari la mahudhurio tu.

> Mtoto kiziwi aliyekaa peke yake kati ya wanaosikia amejumuishwa kwenye daftari la mahudhurio tu.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wenyewe, katika kifungu cha 24, unataka lugha ya alama ifundishwe na viziwi wasomeshwe katika mazingira yanayoikuza lugha hiyo. Shirikisho la Viziwi Duniani limeshikilia jambo hilo kwa miaka. Lugha inahitaji watu wa kuzungumza nao. Viziwi kumi wakikusanywa shule moja ya Kashikishi, pamoja na mtu mzima kiziwi anayeajiriwa kukaa nao, wanapata lugha kwa mchezo wa mapumziko tu. Wakitawanywa shule kumi, hawapati.

Kabla ya hapo kuna kazi nyepesi zaidi ambayo haifanyiki vya kutosha: kuangalia masikio. Watoto wengi wanaoitwa viziwi au wazito wana usaha sikioni uliodumu miezi, au nta iliyoziba. Muuguzi mwenye taa, pamba safi ya kukausha sikio na dawa ya matone anaweza kumrudisha mtoto darasani bila bweni wala lugha ya alama. Mwalimu naye anaweza kujua wa kumpeleka kwa njia rahisi: asimame nyuma ya mtoto, kiasi cha urefu wa mkono, amzibe sikio moja, amnong'oneze namba mbili na neno moja, amwombe arudie. Kisha sikio la pili. Anayeshindwa apelekwe kliniki.

Mantapala: mgeni wa lugha si mzito wa akili

Agosti 2017, mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yalianza kuwavusha Wakongo kwa maelfu kuingia wilaya ya Nchelenge. Walipokewa kwanza katika kituo cha muda cha Kenani. Mapema mwaka 2018 serikali ya Zambia na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi, UNHCR, wakafungua makazi ya Mantapala, yaliyopangwa tangu mwanzo ili wakimbizi na wenyeji watumie shule na zahanati kwa pamoja.

Wengi wa watoto hao, au wazazi wao, walitoka pande za Pweto na Moba. Nyumbani kwao Kiswahili ni lugha ya soko, kanisa na mtaa, na shule ni Kifaransa. Upande wa Zambia, madarasa ya mwanzo ya Luapula husomeshwa kwa Kibemba, halafu Kiingereza. Baadhi ya Wakongo wa ufuo wanakijua Kibemba kwa sababu watu wa ziwa hili ni ndugu. Wengine hawakijui kabisa.

Msomaji wa Kiswahili atauona mtego huo mara moja. Mtoto wa miaka minane anayetoka Moba, aliyepoteza mwaka au miwili ya shule porini na njiani, huonekana mbele ya mwalimu wa Kibemba kama mtoto asiyeelewa. Ananyamaza. Anashtuka mlango ukigongwa. Ukimpima kwa maswali ya Kiingereza au Kibemba atafeli, na atapelekwa darasa maalumu asikostahili. Mwenzake wa pembeni, ambaye kweli alipona malaria ya ubongo na ana shida ya kumbukumbu, atasamehewa kwamba tatizo lake ni lugha tu, asipate msaada. Watoto wawili wanakosewa kwa njia mbili zinazopingana.

Dawa yake haina siri. Mtoto apimwe kwa lugha anayoizungumza na mama yake. Mantapala ina watu wazima tele wanaojua Kiswahili na Kibemba kwa pamoja, wakiwamo waliokuwa walimu Kongo. Kumlipa mmoja wao posho akae mezani wakati wa kupima watoto ni gharama ndogo kuliko dawati moja la chuma.

Fedha ziko wapi

Katika mikutano ya elimu ya wilaya nyingi za Afrika neno la kufunga mjadala ni moja: bajeti hairuhusu. Kwa Nchelenge neno hilo linahitaji kuchunguzwa.

Mfuko wa Maendeleo ya Majimbo, CDF, ulipandishwa mwaka 2022 kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo la uchaguzi. Mwaka 2025 ulifika kwacha milioni 36.1. Fedha hizo hujenga madarasa, hununua madawati, hulipia mafunzo ya ufundi ya vijana na karo za bweni za sekondari. Hakuna kinachozuia jimbo la Nchelenge kujenga choo kimoja chenye mlango mpana kila linapojenga madarasa mapya, wala kuwapa vijana wenye ulemavu nafasi za ufundi.

Kuna pia posho ya serikali kwa kaya maskini. Kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hulipwa mara mbili ya kiwango cha kawaida. Hiyo ni pesa ya nauli, ya vidonge, ya sare. Lakini ulemavu lazima uthibitishwe na daktari, na mtu anayeishi kisiwani hulipa boti kwenda kuthibitishwa ili apate pesa ambayo angelipia boti.

Serikali ya Rais Hakainde Hichilema iliajiri walimu zaidi ya 30,000 kwa mkupuo mmoja mwaka 2022. Hata sehemu ndogo ya walimu wa namna hiyo wakisomea elimu maalumu na wakaachwa waifanye, ufuo wa Mweru ungejua tofauti.

Ugumu halisi ni kwamba mtoto mmoja amegawanywa wizara tatu. Ugonjwa wake uko Wizara ya Afya, daftari lake Wizara ya Elimu, posho na kitambulisho chake cha ulemavu viko upande wa maendeleo ya jamii, ambako ndiko iliko pia ZAPD, wakala wa serikali wa watu wenye ulemavu. Kila ofisi ina faili. Mama ndiye anayezunguka.

> Ugonjwa wa mtoto uko wizara moja, daftari lake wizara ya pili, posho yake ya tatu. Mama ndiye anayezunguka.

Maswali kumi kwa mama

Kilifi waliwahi kuonesha pa kuanzia. Watafiti wa huko, wakitaka kujua ni watoto wangapi wa kijijini wana matatizo ya neva, walitumia dodoso la maswali kumi lililokwisha kujaribiwa nchi nyingine, wakamuuliza mama kwa lugha ya nyumbani. Je, mtoto alichelewa kukaa, kusimama au kutembea? Anaona vizuri mchana na usiku? Anasikia? Ukimwambia jambo anaelewa? Ana udhaifu wa mikono au miguu? Hupata degedege au kupoteza fahamu? Anajifunza kama watoto wa umri wake? Anazungumza, na watu wasio wa nyumbani wanamwelewa? Anaonekana nyuma ya wenzake?

Jibu moja baya humpeleka mtoto kwa mtaalamu apimwe kwa makini. Kwa njia hiyo Kilifi iliona kwamba watoto 61 kati ya kila 1,000 wa miaka sita hadi tisa walikuwa na tatizo la neva la kiwango cha kati au kikubwa. Ni namba ambayo shule peke yake isingeipata.

Maswali hayo yana mapungufu. Hukamata watu wasiohusika, na ni dhaifu kwa macho na masikio ambayo hayajawahi kupimwa. Ndiyo maana yanahitaji kuambatana na ule mnong'ono wa nyuma ya mtoto na herufi E zilizochorwa kwenye boksi, mtoto akisimama umbali wa mita sita akionesha kwa mkono vidole vya herufi vinaelekea wapi. Yote hayo mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kufundishwa.

Kuna hatari moja ambayo sitaki kuipita. Kumwandika mtoto kwamba ana tatizo halafu usimpe kitu ni kumtia doa tu. Kenya ilianza vituo vya kutathmini watoto mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, Uganda ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1990. Uganda huduma hiyo ilinywea baada ya fedha za wafadhili kukoma. Kwa hiyo Nchelenge isianze na kituo kikubwa cha mfadhili. Ianze na vitu ambavyo wilaya inaweza kuviendesha yenyewe: karatasi, siku maalumu za kliniki, vidonge vya kifafa visivyokatika, mwalimu mmoja wa kuzunguka mwenye pikipiki na mafuta yake.

Wadi ya watoto ya hospitali inapomruhusu mtoto aliyepona malaria ya ubongo, nakala ya karatasi yake iende ofisi ya elimu ya wilaya, kwa ridhaa ya mzazi, pamoja na jina la kijiji na mwaka atakaoanza shule. Mtoto huyo aitwe kliniki tena baada ya miezi sita na baada ya mwaka, kwa sababu kifafa hakina haraka. Akifika darasa la kwanza, mwalimu awe anamngoja kwa jina.

Shule za Zambia huanza muhula wa tatu Septemba na kuufunga Desemba, siku chache kabla au baada ya ziwa kufungwa. Huo ndio wakati wazazi wa dagoni wanaporudi vijijini na watoto wao. Ofisi ya elimu ya wilaya ya Nchelenge, hospitali ya St. Paul's na kamati ya CDF ya jimbo wanaweza kukaa meza moja kabla ya hapo na kukubaliana kwamba hakuna mtoto atakayeandikishwa Januari bila mama yake kuulizwa maswali kumi. Hawahitaji sheria mpya wala ruhusa ya Lusaka kufanya hivyo. Wafanye mwaka huu.